Makabidhiano

Hapa Singida ukitaja sheli, mtu atakuelekeza kituo cha mafuta. Mafundi wa kompyuta nao wanayo sheli yao, programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Ile ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la Unix, na jamaa zake wangali kazini. Mimi nimeifahamu uzeeni, baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu.

Mkufunzi mmoja alikuwa ametunga programu ya kujumlisha alama za wanachuo kwa Python, lugha inayohitaji mkalimani wa kuyasoma maagizo na kuyatekeleza. Akahamishwa mkoa. Wiki ya matokeo programu ikagoma, ikidai haioni moduli zake. Wanachuo walikuwa wakingoja, na wengine nauli ya kurudi Mkalama ilikwisha kuliwa.

Mjukuu wangu wa kike, aliyesomea mambo hayo, akaitazama. “Babu, programu ni nzima. Mkalimani ndiye hajaelekezwa.”

Kumbe yule bwana aliandika maelekezo, yaani PYTHONPATH inayoonyesha folda ya moduli, katika faili la akaunti yake mwenyewe. Akiingia yeye, kila kitu kipo. Akiingia karani, hakuna kitu. Enzi zetu hukuondoka kituoni bila kukabidhi ofisi kwa maandishi, funguo kwa idadi. Maarifa ya huyu yalipanda basi pamoja naye.

Dawa ilikuwa faili la mistari mitatu, linalomtangulia mkalimani na kumwandalia mazingira. Wa kwanza unataja sheli itakayolisoma. Wa pili unatangaza PYTHONPATH kwa neno export, na tangazo hilo ni la programu hii peke yake, haliwasumbui wengine. Wa tatu ndio ulionifurahisha. Unaanza na exec, maana yake sheli inampisha mkalimani akae mahali pake, haibaki nyuma ikimsubiri. Unamalizika kwa "$@", inayompa mkalimani kila neno aliloandika karani. Zile alama za kunukuu si pambo. Karani anapotaja kwa usahihi faili liitwalo “Daraja A.csv”, bila alama hizo sheli ingelikata jina vipande viwili, na mkalimani angetafuta faili la “Daraja” na jingine la “A.csv”.

Faili likapewa ruhusa ya kutekelezwa. Karani akaandika jina lake na jina la orodha, alama zikatoka jioni ile ile.

Nikamwomba mjukuu aongeze mstari unaoanza kwa alama ya reli, ambao sheli huuruka: nani kaliandika faili hili, lini, na ile folda ina nini.

“Babu, kompyuta haiusomi huo.”

“Najua. Andika.”