"Wanaweza kurudi": neno nililolisoma vibaya kwa redio

Leo sileti habari ya vita wala ya bei ya unga. Wengi wenu mnaniuliza kwa nini siku hizi nikisoma habari zilizotoka kwa Kiingereza ninaenda polepole, na kwa nini ninasema "huenda" mara nyingi namna hiyo. Sababu ni kosa langu moja, na leo nitalieleza.

Ilikuwa mwezi wa 7, 2024. Marekani ilikuwa imetangaza kwamba pande zinazopigana Kivu Kaskazini zinasimamisha mapigano kwa majuma mawili, tarehe 5 hadi 19 Julai, misaada ipate kupita. Tangazo lilitoka Washington kwa Kiingereza, na juma lile karatasi za Kiingereza zilitufikia nyingi kuliko kawaida. Moja ilitoka kwa shirika la misaada, na katikati yake kulikuwa na maneno haya: "the possibility that some families could return". Nilikuwa na dakika kumi kabla ya habari za jioni. Nikayaweka kwa Kiswahili hivi: "Kuna uwezekano kwamba familia zingine zinaweza kurudi kwao."

Kwa macho si mbaya sana. Lakini redio haisomwi kwa macho. Kambini Lushagala redio moja ilikuwa inasikilizwa na hema tano, huyu anakoroga bugali, yule anaita mtoto. Neno "uwezekano" lilipita. Lililobaki masikioni ni "zinaweza kurudi", na kwetu ukimwambia mtu "unaweza kurudi" umemfungulia mlango.

Papa mmoja wa upande wa Masisi aliondoka kesho yake asubuhi na kijana wake mkubwa, kuangalia kama nyumba bado imesimama na kama muhogo haujavunwa na wengine. Hawakupita Sake. Walilala usiku mbili kwa watu wasiowajua, wakisikia milio ya silaha kwenye vilima, na njiani walinyang'anywa simu na franka zote. Siku ya nne alinikuta mlangoni kwa redio, viatu hana.

"Ni wewe ulisema batu banaweza rudia? Sisi tukarudia. Sasa?"

Nilimpa maji. Jibu sikuwa nalo.

Usiku ule niliichukua tena ile karatasi. Kiingereza, hasa kile cha maofisi, kinapenda kukamata kitendo na kukigeuza jina, halafu kulibandikia kipande kinachoanza na "that", yaani "kwamba". Hofu kwamba, matumaini kwamba, dai kwamba, uwezekano kwamba. Na ndani ya kipande hicho wanatia kimoja cha vile vitenzi vidogo: may, might, could, should, must, will, would. Shuleni tulipewa kila kimoja na maana yake moja, kama zhetoni: can ni kuweza, must ni lazima, should ni kupaswa, tukakariri. Hapo ndipo nilipopotea. Kitenzi kile kidogo hakijitegemei. Jina lililotangulia ndilo linalosema kisomwe vipi.

Katika ile sentensi yangu, "could" haikuwa inasema kwamba familia zina nguvu ya kurudi, wala kwamba zimepewa ruhusa. Ilikuwa inapatana tu na "possibility" iliyo mbele yake. Zote mbili zinasema kitu kimoja: labda. Mtaalamu John Lyons, katika vitabu vyake vya semantiki vya mwaka 1977, alieleza jambo hili vizuri: maneno mawili ya shaka yakipatana katika sentensi moja, shaka haiwi mara mbili, ni ileile moja inayorudiwa. Mwingereza anairudia bila kufikiri. Mimi nikitafsiri zote mbili, ninapata "uwezekano" ambao wengi hawausikii na "wanaweza" ambayo kila mtu anaisikia. Kitenzi chetu "kuweza" kinabeba nguvu, ruhusa na labda katika mfuko mmoja, na mtu aliyechoka na kambi anachota ruhusa. Mimi pia ningechota hiyo.

Kwa Kiswahili ilitosha kusema: "Huenda familia zingine zikarudi kwao, lakini bado haijaamuliwa." Shaka mara moja, mwanzoni, na ndani ya kitenzi chenyewe, hata aliyewasha redio katikati ya sentensi aipate.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyeumwa na nyoka. Kila karatasi ninatafuta jina kwanza, halafu kitenzi kidogo. Chukueni "should". Ikija baada ya jina la kudai ao kupendekeza, ni amri ao shauri: wanadai wapiganaji waondoke. Wala sihitaji neno "wanapaswa", ile "-e" mwishoni mwa "waondoke" inafanya kazi yote. Lakini ikija baada ya "expectation", yaani tarajio, ile ile "should" inageuka kuwa kukisia tu. "Tarajio kwamba ugawaji should uanze Jumatatu" halina maana kwamba kuna mtu amelazimishwa kugawa chochote Jumatatu. Ni kwamba mtu ofisini anadhani itakuwa hivyo. Mama akipanga mstari tangu saa kumi na moja asubuhi kwa sababu ya neno hilo, amepanga mstari kwa dhana ya mtu.

Lililo baya kuliko yote ni "suggestion". Jina hilo lina sura mbili. Likifuatwa na "should", mtu anatoa shauri: anapendekeza familia zirudi. Likifuatwa na "may", mtu anasema amesikia fununu: inasemekana huenda familia zimesharudi. Jina ni lile lile, karatasi ni ile ile, na kinachotenganisha shauri na fununu ni kale kaneno kadogo. Nani anataka kuhamisha watoto wake kwa kuchanganya hivyo viwili?

Kwa upande wa hofu, Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa na Kiingereza. Wao wanaandika "fear that civilians might be attacked". Sisi tuna namna yetu ya zamani, ambayo bibi zetu wanaitumia bila shule: "wanaogopa raia wasije wakashambuliwa". Hofu na labda zimo ndani ya "wasije", na hakuna atakayedhani kwamba watu wameshashambuliwa. Mimi nilikuwa ninasoma "hofu kwamba raia wanaweza kushambuliwa", na mara mbili tulipigiwa simu na watu wakiuliza ni kijiji gani kimeshambuliwa.

Kuna na "would". Hapa kosa si langu peke yangu. Wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza tunakifikia kwa kupitia huko, basi tukiona "would" tunafikiria ile hali ya masharti na mkono unaandika "-nge-". Mwenzangu mmoja alisoma kwamba shirika lilitoa ahadi "kwamba mchele ungefika". Simu ikalia palepale. Mama mmoja, sauti ya upole kabisa: "Papa, ungefika kama nini?" Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili "ungefika" unadai "kama" yake, na unanuka kwamba mchele haukufika. Kiingereza kilikuwa kimesema tu kwamba ahadi ilitolewa siku iliyopita. Ilitosha: "waliahidi kwamba mchele utafika."

Tena kuna jambo lingine ambalo, kusema kweli, ndilo linalonikasirisha zaidi. Hayo majina yanaficha watu. "Kuna hofu kwamba", "kuna matumaini kwamba". Hofu ya nani? Matumaini ya nani? Kiswahili kitenzi chake kinataka mwenyewe mbele: ninaogopa, wanaogopa, anatumaini. Nikitaka kusema "wanatumaini" lazima nijue "wa-" ni akina nani. Basi ninaandika barua ya simu kuuliza. Mara nyingine wananijibu. Mara nyingine ninaona kwamba hata aliyeandika karatasi hajui, na hapo habari hiyo ninaiacha, hata mkubwa wangu akilalamika kwamba redio nyingine wameshaisoma.

Kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa mwezi wa 2, 2025, na watu walitawanyika, wengine vijijini, wengine kwa ndugu mjini. Kiingereza chenyewe kimeongezeka tangu Congo na Rwanda zitie sahihi makubaliano Washington, tarehe 27 Juni 2025. Kila juma kuna karatasi mpya. Yule Papa wa Masisi leo anaishi kwa shemeji yake, na namba yangu anayo. Nikisoma habari yoyote yenye "wanaweza" ndani, hachukui dakika tano. Ujumbe wake unafanana kila mara, na kila mara ninalazimika kurudi kwenye karatasi kabla ya kumjibu: "Hiyo 'banaweza' ya leo ni ya ruhusa ao ni ya huenda?"