Mizani ya Ugenini na Mizani ya Nyumbani

Katika Nyanda za Juu za Kusini, neno mizani halitamkwi popote kwa uchungu kama katika soko la viazi la Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Mkulima hulima, hupanda, hupalilia na kuvuna. Lakini jasho lake lote huja kuamuliwa na gunia. Mnunuzi akiliongezea gunia kilemba juu ya mdomo wake, viazi huzidi kipimo na bei hubaki palepale. Gunia la namna hiyo huitwa lumbesa. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi limerudi. Kwa sababu hiyo mtu wa Uyole hujifunza mapema kwamba kuwa na mali hakutoshi. Yapasa mali ipimwe, tena ipimwe kwa kipimo kinachokubaliwa na anayeuza na anayenunua.

Mkulima mmoja wa huko alikuwa na binti. Binti huyo alimaliza kidato cha nne katika shule ya wasichana mjini Mbeya, akafaulu vizuri, na kwa kufaulu huko akapata ufadhili wa kusoma miaka miwili katika shule ya kimataifa upande wa kaskazini. Siku ya kuondoka majirani walikuja kumwaga. Bibi yake alimpa kitenge, mama yake alimfungia karanga, na baba yake alimpa maneno machache: "Mwanangu, nenda ukasome. Ukirudi, rudi na kitu ambacho hapa nyumbani kitafaa." Maneno hayo yalisemwa kwa baraka tu, hakuna aliyedhani kwamba siku moja yangekuwa swali.

Mafunzo aliyoyakuta huko ni ya Stashahada ya Kimataifa ya Baccalaureate, ambayo wengi huiita IB. Mpango huu ulianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968, hasa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao huhama kutoka nchi hadi nchi, ili cheti chao kiweze kupokewa popote waendako. Nchini Tanzania hufundishwa katika shule chache, zikiwamo International School of Tanganyika ya Dar es Salaam na shule ya Moshi ambayo tangu mwaka 2019 huitwa UWC East Africa. Mwanafunzi husoma masomo sita, matatu kwa kina zaidi na matatu kwa kiwango cha kawaida. Kila somo hupimwa kwa alama 1 hadi 7. Juu ya hayo huongezwa somo la kuchunguza namna binadamu anavyopata ujuzi, insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na shughuli za sanaa, michezo na kuhudumia watu. Insha na somo lile la ujuzi huweza kuleta alama 3 za nyongeza, na jumla ya juu kabisa ni 45. Asiyefikia 24 hapati stashahada. Kiswahili nacho ni miongoni mwa lugha zinazotahiniwa.

Binti huyu alichukua Biolojia, Kemia na Jiografia kwa kina. Insha yake ndefu hakuitafuta mbali: aliandika juu ya ukungu unaokausha majani ya viazi, akalichunguza shamba la baba yake wakati wa likizo, mstari kwa mstari, na kuhesabu mashina yaliyopona na yaliyokufa. Baba yake alimfuata nyuma akimwonyesha mahali maji yanapotuama. Yamkini hapakuwa na siku nyingine ambayo mzee huyo aliona elimu ya mwanawe ikikanyaga udongo wake mwenyewe.

Mitihani ilifanyika Mei na majibu yakatoka mapema Julai. Alipata 33. Wenzake wa shuleni walikuwa wakitawanyika kwenda Marekani, Kanada na Uholanzi, ambako vyuo vikuu vingi vinaijua stashahada hiyo na kuipokea bila maswali marefu. Yeye alitaka kuwa mwalimu wa sayansi, tena alitaka kusomea kazi hiyo karibu. Mama yake alikuwa ameanza kuugua miguu, wadogo zake walikuwa watatu, na katika shule aliyotoka mwalimu wa Kemia alikuwa mmoja kwa madarasa mengi. Akachagua Iringa.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Basi huondoka alfajiri, hushuka kwenda Igawa, hupita Makambako penye upepo na Mafinga penye misonobari, na mwisho hupanda mlima kutoka Ipogolo hadi mjini. Binti alifika na bahasha yake kifuani, akaenda ofisi ya udahili ya chuo kimoja. Alipokewa na mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Umetoka wapi?"

"Nimetoka Mbeya. Nimekuja kuuliza juu ya maombi."

Mama yule alikitazama cheti mbele na nyuma, akakisoma taratibu, kisha akauliza kwa upole: "Namba yako ya mtihani wa kidato cha sita iko wapi?" Binti alieleza kwamba hakuwa nayo, kwamba masomo yake yalikuwa mengine, na kwamba alama 33 kati ya 45 si alama mbaya. "Sisemi ni mbaya, binti yangu," akajibiwa. "Ninachosema ni kwamba hapa sina mahali pa kuiandika. Nenda kwanza Baraza la Mitihani wakupe ulinganifu. Ukiupata, mlango huu uko wazi."

Binti alitoka nje akasimama penye jua. Cheti ambacho kingemfikisha Kanada kilikuwa hakijamfikisha ng'ambo ya meza moja ya Iringa.

Ni rahisi kumwonea huruma na kuilaumu meza ile. Lakini haki hutaka pande zote zisikilizwe. Sifa ya kuingia chuo kikuu nchini kwa kawaida hutegemea ufaulu wa masomo mawili makuu ya kidato cha sita, ambayo alama zake kwa pamoja hazipungui 4, katika hesabu ambayo A ni 5 na E ni 1. Vyuo hufanya kazi chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na cheti cha sekondari cha mfumo wa nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Karani hana ruhusa ya kukisia kwamba 6 ya Geneva ni A au B ya Dodoma. Akikisia vema leo, kesho atakisia vibaya. Na akimhurumia mmoja mwenye cheti cha kweli, atamhurumia na mwingine mwenye cha uongo. Nchi inayakumbuka mambo haya. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa katika taarifa ya uhakiki kuwa walitumia vyeti vya kughushi. Katika nchi iliyokwisha kuumwa hivyo, kuuliza si dharau. Kuuliza ni ulinzi.

Hata hivyo historia ina kicheko chake. Ulikuwapo wakati ambapo cheti cha ugenini ndicho kilichokuwa cheti pekee chenye heshima. Katika mji huohuo wa Iringa, wakoloni walijenga shule ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Baada ya uhuru ikawa shule ya sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majengo yaliyowafungia Waafrika mlango sasa hulea walimu wao. Enzi zile mtihani ulitungwa Cambridge na kusahihishwa Uingereza. Hata chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika, kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kwa Kitivo cha Sheria, kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 ikaunda baraza lake. Taifa lilikuwa limeamua kushika mizani kwa mkono wake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: kufaulu karatasini hakukutosha tena, mtu alitakiwa kwanza awe amefanya kazi na kushuhudiwa tabia yake. Utaratibu huo ulibadilishwa baadaye. Basi mizani ya kuingilia chuo kikuu haikushuka kutoka mbinguni. Imetengenezwa na watu, na watu wameirekebisha kila walipoona haja.

Mkoa wa Iringa una funzo jingine la zamani. Huko Malangali, mwaka 1928, ilifunguliwa shule ambayo mkuu wake, W. B. Mumford, alijaribu kuijenga juu ya mila na desturi za wenyeji. Jaribio hilo halikudumu. Elimu yaweza kuwa na maana kubwa ndani ya ua wake, lakini mtoto atatoka nje ya ua, na huko nje ataulizwa: "Hiki ulichojifunza kinafungua mlango gani?" Swali hilo liliwahusu vijana wa Malangali waliofundishwa ya nyumbani katika ulimwengu uliotawaliwa na wageni. Binti wa Uyole, aliyefundishwa ya ulimwengu na kurudi nyumbani, alilikuta swali lilelile limegeuka uso.

Alirudi Mbeya usiku. Baba yake alikuwa hajalala. Aliposimuliwa, mzee alinyamaza kitambo, akauliza: "Kwa hiyo wamesema hujasoma?"

"Hapana, baba. Wamesema hawajui nimesoma kiasi gani."

"Hilo ni jambo la mizani," akasema mzee. "Lakini kwa nini hatukuuliza mizani kabla ya kupakia gunia?"

Neno hilo lilikuwa zito kuliko lawama zote, kwa maana lilikuwa kweli. Katika miaka miwili hapana aliyemketisha binti akamwambia kwamba akitaka kusoma nyumbani kuna hatua hii na hii. Washauri wa shule walijua vema taratibu za vyuo vya ng'ambo, kwa kuwa wanafunzi wengi waliazimia kwenda huko. Walimu wake wa Mbeya walimpongeza kwa ufadhili, nao hawakujua zaidi ya jina la shule. Baba hakujua la kuuliza. Kila mmoja alimtakia mema, na mema yote hayo yakaacha pengo moja dogo lenye upana wa barua.

Binti alipeleka maombi ya ulinganifu pamoja na vyeti vyake. Siku za kungoja zilikuwa ngumu. Jirani mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika ni cheti gani hicho kisichojulikana hata Iringa. Dirisha la kwanza la udahili likafungwa. Mama alianza kusema juu ya kungoja mwaka, na mwaka wa msichana kijijini si mwaka mtupu. Huja na maposa, huja na majukumu, na wakati mwingine haurudi. Barua ilipofika, dirisha la mwisho lilikuwa bado wazi. Masomo yake ya Biolojia na Kemia yalikuwa yamepata thamani inayosomeka nchini, na thamani hiyo ilimtosha. Akaomba, akachaguliwa.

Jambo moja lilimgusa alipoisoma barua ile. Masomo yalitajwa na madaraja yalitajwa. Lakini shamba la viazi halikuwamo. Zile siku za kuhesabu mashina pamoja na baba yake hazikuwa na safu ya kuandikiwa. Hakulalamika. Alielewa kwamba ulinganifu ni aina ya tafsiri, na hakuna tafsiri isiyoacha neno nyuma. Mfasiri mwaminifu hulaumiwa kwa kuongeza uongo; hawezi kulaumiwa kwa kila kitu asichoweza kukibeba. Yaliyobaki nje ya barua yatabebwa na mwenyewe, na siku atakaposimama mbele ya darasa yataonekana bila cheti.

Hata hivyo yako ambayo tafsiri yaweza kufanya. Yaweza kuja mapema. Shule inayofundisha mafunzo ya kimataifa katika ardhi ya Tanzania inapaswa kumweleza mtoto njia ya Iringa na ya Mbeya kwa bidii ileile inayotumia kumweleza njia ya Toronto. Mfadhili anayemchukua mtoto wa mkulima ampe nauli ya kwenda na maarifa ya kurudi. Vyuo navyo vyaweza kubandika ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka na mzazi, kwamba mwenye cheti cha namna hii aanzie mahali fulani, na aanze mwezi fulani. Kipimo kilichofichwa, hata kikiwa cha haki, humwumiza mtu sawasawa na lumbesa.

Wakati wa likizo yake ya kwanza binti alikwenda katika shule yake ya zamani. Wasichana wawili wa kidato cha nne walikuwa wakitamani ufadhili kama wake, na mwalimu aliwaita waje kumsikiliza. Walitazamia habari za majengo mazuri na rafiki kutoka nchi za mbali. Habari hizo aliwapa, kwa kuwa zilikuwa za kweli na zilikuwa tamu. Kisha akafungua bahasha, akatoa barua ya ulinganifu, akaiweka mezani ili kila mmoja aishike na kuisoma mwenyewe.