Mpwa wangu na bunduki za Camp Perry

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Mwanao wa miaka kumi na sita akija jioni moja akwambie kuwa mchezo alioupenda shuleni si kandanda wala si riadha bali ni kulenga shabaha kwa bunduki, utamjibu nini?

Dada yangu hakumjibu. Alisubiri mimi nifike. Ilikuwa Julai mwaka 2019, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako ameishi miaka mingi. Hata begi sijafungua, akanivuta jikoni na kuninong'oneza: "Wewe ndiye mjomba wake. Mimi amenishinda. Zungumza naye."

Usije ukadhani dada yangu ni mtu wa kutishwa na kila kitu. Sisi tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa aliuawa mwaka 2001 akifungua lango la nyumba yetu mtaani Umoja, Nairobi. Mimi nilikuwa darasa la nane na nilikuwa sebuleni nikifanya hesabu. Nilisikia mlio mmoja tu, nikadhani ni gurudumu la gari limepasuka, nikaendelea kuandika. Majambazi walichukua gari ambalo halikuwa hata lake. Miaka miwili baadaye dada alijifungua mvulana, naye bila shaka alipewa jina la marehemu. Kama ilivyo desturi ya kwetu, hadi leo dada humwita mwanawe huyo "kaka". Sasa fikiria mwenyewe uzito wa kumwona "kaka" ameshika bunduki.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, mjomba, lakini kabla hujanikataza, njoo kwanza uone."

Asubuhi ya Jumamosi akanipeleka. Kutoka Toledo ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea mashariki, barabara ikiambaa mashamba ya mahindi na vinamasi vya Ziwa Erie. Unapita mnara mkubwa wa kituo cha nguvu za nyuklia cha Davis-Besse ukitoa mvuke kama sufuria ya ugali, halafu, kabla ya mji wa Port Clinton, unafika Camp Perry.

Kambi hii ni ya jeshi la akiba la jimbo la Ohio, nayo imepewa jina la Oliver Hazard Perry, kamanda aliyezishinda meli za Waingereza katika ziwa hilo mwaka 1813. Ziwa lenyewe halifikii hata nusu ya Ziwa Victoria, lakini ukisimama ufuoni huoni ng'ambo. Mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha yalianza mwaka 1903 katika jimbo la New Jersey, baada ya wakubwa wa Marekani kuona kuwa raia wengi walioitwa jeshini katika vita vya 1898 dhidi ya Uhispania hawakujua kulenga. Uwanja wa huko ukawa mdogo, na mwaka 1907 mashindano yakahamia hapa ziwani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kambi ikageuzwa mahali pa kuwafungia mateka Wajerumani na Waitaliano.

Nilitarajia kukuta wanaume wenye misuli na sauti nene. Nilikuta nini? Ajuza aliyebeba kiti cha kukunja. Baba na binti yake wakigawana sandwichi. Wanajeshi, naam, tena wengi, lakini wamelala chali nyasini kofia usoni kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Kila bunduki niliyoiona ikibebwa ilikuwa na kibendera cha plastiki kilichochomekwa pale pa kuingizia risasi, ili hata mtu aliye mbali aone kuwa haina kitu.

Mpwa wangu akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Washindani hulenga wakielekea kaskazini, yaani ziwani, ili risasi ziishie majini. Bendera nyekundu ikipanda, wavuvi hujua sehemu hiyo ya ziwa haiingiliwi. Mtu hulenga akiwa amesimama, kisha ameketi, kisha amelala kifudifudi, na mabango husogea mbali kutoka yadi 200 hadi 300 na hatimaye 600, ambazo ni kama mita 550. Wako hata wanaolenga yadi 1,000. Huko mbali, upepo wa ziwa ndio adui. Ukivuma kidogo tu kutoka ubavuni risasi huacha njia, kwa hivyo utawaona wakikodolea macho vibendera na nyasi kabla ya kugusa triga.

Jambo lililonishangaza ni handaki. Wakati nusu ya washindani wanapiga, wenzao wamo ndani ya handaki chini ya mabango, risasi zikipita juu ya vichwa vyao. Bango likipigwa hulishusha, hutia alama kwenye tundu na kulipandisha tena mpigaji aone. Halafu hubadilishana zamu. Zamani mtu akikosa bango zima, walio handakini walipunga kitambaa chekundu kilichoitwa, samahani msomaji, chupi za Maggie. Mpwa wangu alicheka sana akinisimulia hilo. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huohuo amri ilitoka kwenye vipaza sauti na mstari mzima ukaanza kufyatua.

Nitakuwa mkweli kwako. Sikustahimili. Ilikuwa zamu ya kupiga kwa haraka, risasi kumi kwa takriban dakika moja, na kila mlio ulinirudisha sebuleni Umoja kwenye daftari la hesabu. Nilikwenda kukaa garini nikafunga vioo vyote. Ulikuwa mchana wa joto. Mpwa wangu alinifuata, akaketi kando yangu, wala hakusema neno hadi milio ilipokoma.

"Nawe huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa, mjomba. Kocha anasema asiyeogopa asishike."

Alasiri akanipeleka kwenye ukumbi wa bunduki za upepo, nao umepewa jina la Gary Anderson, bingwa wa Olimpiki wa 1964 na 1968. Huo ndio mchezo wake hasa. Umbali ni mita kumi tu, lakini kitone cha katikati unachopaswa kukipiga ili upate kumi hakizidi nusu milimita. Alivaa koti zito la turubai na ngozi, akasimama kimya, nami nikamwona akipumua, akingoja, akashusha bunduki bila kupiga. Akaanza upya. Baadaye aliniambia kuwa hata pigo la moyo hutikisa mtutu, kwa hivyo inabidi atulie hadi alisikie, apige katikati ya pigo na pigo. Nilimtazama mtoto huyu ambaye nyumbani hawezi kuketi dakika tano bila kuchezea simu, nikajiuliza ni mwalimu gani mwingine angemtuliza hivyo. Tena vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vina timu za mchezo huu, wasichana na wavulana wakishindana pamoja, na wazuri husaidiwa karo. Kwa mzazi mhamiaji karo si neno dogo.

Basi nikarudi kwa dada na hoja zangu zote. Nilimweleza kuhusu vibendera, adabu, pumzi na karo. Ilinichukua karibu wiki nzima kumlainisha. Usiku wa Jumamosi, Agosti 3, akasema, "Haya, tutaona." Na hata siku hiyo hatukuwa na amani, kwa maana habari za mauaji ya El Paso, Texas, zilikuwa kwenye runinga tangu mchana.

Usiku huohuo, saa saba na dakika chache, mtu mwenye bunduki aliwavamia watu waliokuwa wakistarehe mjini Dayton, katika jimbo hilohilo la Ohio. Aliwaua watu tisa kwa muda wa nusu dakika hivi kabla ya polisi kumwua. Kutoka Toledo hadi Dayton si mwendo mrefu sana kwa gari.

Asubuhi dada alikuwa mezani, chai imepoa mbele yake. "Sasa niambie tena yale uliyoniambia jana," akasema. Nilifungua kinywa. Nilikuwa bado nakumbuka risasi kumi kwa dakika moja, na jinsi nilivyozihesabu nikiona ni nyingi.

Mpwa wangu alitoka chumbani na lile koti mkononi, akaliweka juu ya kiti.

"Mama, nikiacha, utalala usingizi?"

Dada alimwangalia kwa muda mrefu. "Hata ukiacha, sitalala."

Hawakusema zaidi siku hiyo. Baada ya mimi kurudi Nairobi ndipo walipoafikiana. Bunduki, ambayo ni mali ya klabu ya shule, isivuke mlango wa nyumba hata siku moja. Na kila akimaliza mazoezi, kabla hajavua koti, apige simu. Mpwa wangu alilitimiza hilo hadi alipomaliza shule, na safari moja nilikuwa nikizungumza na dada kwa simu ile nyingine ikaita. Nilimsikia akiipokea, akinyamaza kidogo, kisha akisema, "Haya, kaka. Chakula kiko tayari."