Funga Bomba

Nilipopangiwa staji katika shule moja ya msingi mtaani Mapendo, mjini Goma, somo langu la kwanza lilikuwa hali ya kuamuru. Mada niliichagua mwenyewe: matumizi mazuri ya maji. Usiku niliandaa sentensi tano, nikalala nimeridhika. Ya kwanza ilisema: "Funga bomba unapopiga mswaki."

Asubuhi darasa la nne liliisoma ubaoni kwa sauti moja. Kisha mvulana wa dawati la nyuma, ambaye familia yake ilikimbia vita kutoka Sake, akainua mkono.

"Mwalimu, bomba inafungwaka namna gani?"

Alikuwa amesikia bombe, zile zinazoanguka kutoka juu. Wenzake hawakucheka. Nilifuta neno lile, nikaandika "robine", neno ambalo mimi mwenyewe hulitumia nyumbani kila siku. Sijui kwa nini nililiacha mlangoni mwa shule.

Robine nayo haikuniokoa. Nilipouliza nani anayo uani kwao, iliinuka mikono mitatu tu. Wengine huchota ziwani au hununua kwa bidoni. Msichana mmoja akanieleza, kwa upole kama anayemfundisha mgeni: "Kwetu tunafulia, kisha ile maji tunasugulia nyumba, kisha tunamwanga mu choo." Maji yale yale, kazi tatu. Nami nilikuwa nimekuja kumfundisha asiyapoteze.

Ni msichana yule yule niliyemsimamisha mlangoni asubuhi ile kwa kuchelewa. Alikuwa ametoka Ziwa Kivu na bidoni ya lita 20 mgongoni.

Tuliacha sarufi, tukafanya hesabu. Kwao wako watu 7, na kwa siku hupata bidoni 4: lita 80, yaani chini ya lita 12 kwa kila mtu, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni angalau lita 15. Mtoto huyu anaishi chini ya kipimo cha kambi, na ziwa kubwa analiona kwa macho.

Hali hiyo ina sababu zake. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Mvua hunyesha sana, lakini maji huzama kati ya mawe, na mji hauna mto. Lava ya Mei 2021 iliharibu hata mabomba ya maji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na maji yakakatika nao. Watu wakashuka ziwani na kila chombo walichokuwa nacho. Na ziwa halichotwi bila hofu. Mwaka wa 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika eneo hili kwa muda wa wiki chache.

Nilipotafakari hayo jioni, niliona kwamba nilikuwa nimeandaa somo la mtoto mwingine, wa mji mwingine. Watoto wa Mapendo wanajua kubana maji kuliko mimi. Walichohitaji kukizungumzia ni usafi wake: maji yapi ya kunywa, yapi ya kufulia, na yanalindwaje yakishafika nyumbani.

Kesho yake niliwaomba watunge wao sentensi za kuamuru. Ubao ukajaa: "Funika ndoo." "Usitie mkono ndani ya maji ya kunywa." "Nawa kabla ya kula." Mmoja akaandika: "Weka klori, kunywa." Wengi walidhani maji hufaa papo hapo, mara tu dawa inapotiwa kwa sindano kule ufukoni. Hapo ndipo nilipokuwa na kitu cha kufundisha. Tulirekebisha pamoja: "Weka klori, ngojea nusu saa, kisha unywe." Vitenzi vitatu, na mpangilio wake ni suala la afya. Sikuwahi kupata mfano bora wa hali ya kuamuru.

Mvulana wa Sake alinakili sentensi hiyo mara mbili, moja akaikata kwenye daftari ampelekee mama yake.

Msichana alichelewa tena siku ile. Nilimwonyesha nafasi yake, akaketi.