Mabingobingo ya Mapambo

Aliyekulia kwenye vihamba vya Kilimanjaro hahitaji kuelezwa mabingobingo ni nini. Yalisimama kwenye kingo za mfereji na mipaka ya mteremko, marefu kumpita mtu mzima, na sisi tukirudi shule tulivua sare, tukachukua mundu, tukayakata karibu na shina huku vinyweleo vikituwasha shingoni na majani yakituchanja mikono, kisha tukafunga mzigo kwa kamba ya mgomba mkavu na kuubeba kichwani hadi zizini, alikolia ng'ombe asiyejua malisho ya nje. Hakuna aliyesema yanapendeza.

Leo yanauzwa.

Kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam utayakuta ndani ya viriba, yamekolea zambarau, tayari kupangwa chini ya ukuta wenye nyaya za umeme. Muuzaji atakuapia ni mbegu ya kutoka nje. Kumbe mengine ni mabingobingo yaleyale, ila ya rangi. Na yale mafupi kidogo, yenye masuke laini kama mkia wa paka, jamii yake ina asili huku Afrika Mashariki, Afrika Kaskazini na Uarabuni. Wageni waliyachukua kupambia bustani, yakawatoroka. Hawaii yanachochea moto wa nyika, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliyatia kwenye orodha yake ya viumbe vamizi.

Mchaichai nao umepanda cheo. Zamani kichaka chake kilikaa nyuma ya jiko, pale palipomwagwa maji ya vyombo, na aliyetumwa kuchuma alirudi vidole vikinukia hadi usiku, birika jeusi kwa masizi likichemka juu ya mafiga. Sasa uko mbele ya nyumba, umezungushiwa kokoto nyeupe. Chai ni ya pakiti.

Ule mzigo wa kichwani siutamani hata kidogo, na watoto wangu shingo zao haziwashi. Lakini maziwa tunanunua dukani, na kihamba kimegawanywa mpaka mabingobingo hayana pa kusimama.

Hapa mjini, ya kwangu ya zambarau huyapunguza yakizidi ukuta, nikayaacha nje ya geti jioni ya kuamkia siku ya taka. Mfugaji mmoja wa mtaani huliwahi gari, akayapakia kwenye guta. Ng'ombe wake, anasema, hawachagui rangi.