Utomvu wa Papai

Baba yangu hana meno. Hapa Kwihara, karibu na Tabora, palipopumzika misafara ya Ujiji zamani, nilimnunulia nyama. Kumbe ya ng'ombe mzee! Basi nikaipaka utomvu wa papai bichi, nikaenda parokiani kujaza vyeti vya ubatizo. Nikakawia. Niliporudi nyama ilikuwa imelegea kama uji, na vidole vyangu vinawasha. Maana utomvu una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini ovyo, za nyama hata za ngozi. Wataalamu wanatafuta mkasi wenye macho, ukate protini moja tu inayoleta ugonjwa. Frances Arnold wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alibadili vimeng'enya kidogo kidogo akibakiza vilivyo bora, kama tuchaguavyo mbegu za mahindi. Baba alikula uji wake, akaomba tena.