Maji ya Chai: chupa mbili zilizonifanya nimwombe radhi mwanangu

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya kwenda Moshi, ukapita Tengeru na Usa River, utafika mahali panapoitwa Maji ya Chai. Mgeni hudhani hapo kulikuwa na mgahawa maarufu. La hasha. Jina limetokana na mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, ambao maji yake yana rangi kama ya chai ya rangi. Ni eneo zuri la migomba, lenye hewa ya ubaridi, na Hifadhi ya Arusha iko jirani.

Jumamosi moja nilikwenda huko kwenye mkutano wa wadau wa maji safi. Asasi moja ya hapo iliwaalika wachimba visima, wafadhili, viongozi wa dini, walimu na kamati za maji za vijiji, ili wafahamiane na kuona nani amsaidie nani. Sikuwa na wa kumwachia binti yangu wa miaka tisa, nikaenda naye.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwenye mikutano hiyo. Tulivaa vitambulisho shingoni, tukabadilishana kadi, tukala sambusa. Kila meza ilikuwa na maji ya chupa kutoka dukani. Kila mtu alipewa dakika mbili aseme ana nini na anahitaji nini.

Ikafika zamu ya mama mmoja wa kamati ya maji. "Mimi sina kadi," alisema, watu wakacheka. Akatoa kwenye kikapu chupa mbili za soda zilizojaa maji. "Haya ni ya chemchemi yetu ya zamani. Haya ni ya kisima tulichochimbiwa na wahisani. Naombeni mniambie, nimpe mjukuu wangu yapi?"

Maji yote mawili yalikuwa meupe, yanang'aa. Ukumbi ukanyamaza.

Mtaalamu wa maji akasimama. "Mama, kwa macho hata mimi siwezi kukuambia," alisema. Akaeleza kwamba miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji madini ya floraidi. Kidogo huimarisha meno. Yakizidi huyaharibu, na yakizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za ukanda huu zinapita hapo. Madini hayo hayana rangi wala harufu. Chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana kabisa, na kisima kipya kinaweza kuwa kibaya kuliko mto.

Kisha akasema neno lililonichoma: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na ni lazima tuendelee, lakini maji yakipungua sufuriani madini hubaki palepale.

Mzazi mwenzangu, mimi nachemsha maji kila jioni na nilijivunia hilo. Binti yangu alipoota meno ya utu uzima yalitoka na madoa ya kahawia. Nilimgombeza kwamba hapigi mswaki vizuri. Siku hizi akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Nikamtazama pale kwenye kiti. Alikuwa anasikiliza kila neno. Mtaalamu alikuwa anasema madoa hayo si uchafu, hayatoki kwa mswaki, na jino huyapata likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, miaka minane ya kwanza ya mtoto.

Yule mama hakuondoka na hundi. Aliondoka na ahadi ya chupa zake kupimwa maabara, na namba ya mwalimu ambaye shule yake inavuna maji ya mvua. Fundi mmoja akamwonyesha kichujio cha mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa moto mkali na kusagwa. Hunasa floraidi, ila chenga zake lazima zibadilishwe kila zinapochoka. Wafadhili wawili walikubaliana kwamba hawatakabidhi kisima tena kabla ya kuona cheti cha vipimo. Kwangu, hilo lilizidi hotuba zote.

Kama unaishi ukanda huu, uliza mamlaka ya maji au ofisi ya RUWASA ya wilaya yako kiwango cha floraidi katika maji unayotumia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi hayana floraidi ya kutisha. Yachemshe, uwawekee watoto wadogo kwa kunywa na kwa uji. Punguza magadi kwenye maharage na makande, maana nayo hubeba madini hayo. Na ukichangishwa fedha za kisima, uliza kwanza kama maji yatapimwa.

Kwenye daladala ya kurudi nilimwambia binti yangu, "Nisamehe mwanangu, halikuwa kosa lako." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mama, mdogo wangu tutampa maji gani leo?"

Nilishuka Tengeru nikanunua ndoo mpya yenye mfuniko, ya kukingia mvua.